Udi wa Nyuma ya Pazia

Ubwa alikuwa ashuke Kinazini, lakini ndani ya gari ya Bububu mazungumzo ya kiti cha mbele yalimnogea hata akapitiliza. Mzee mmoja alikuwa akiisifu ile filamu ya masultani aliyoiona jana Ngome Kongwe: majoho ya zari, vitanda vya nakshi, mitawanda ya mbao miguuni mwa binti mfalme. "Ila nasikia walipokuwa wakiipiga, nguo zote zilifukizwa udi kila asubuhi. Israfu! Kwani picha inanukia?"

"Hainukii," alijibu bibi aliyekaa ubavuni mwake, wala hawakuwa wakijuana. "Lakini mie nlikuwemo, mpambe wa binti mfalme. Ile nguo nlipoivaa na harufu yake, mgongo ukaninyooka wenyewe."

"Ah, Bi! Mbona sikukuona?"

"Nlisimama nyuma ya pazia. Sikuonekana hata kidole."

"Na yako ilifukizwa?"

"Ilifukizwa vilevile."

"Bado israfu," alisema mzee, lakini kwa sauti ya chini.

Gari ikasimama Mtoni. Bibi akanyanyua pindo la buibui kama aliyevaa hariri ya kuburura, akashuka taratibu, na konda, ambaye hajapata kumsubiri mtu, akasubiri.