Tep Bunnarith: Mfungwa, Mwenyekiti, Waziri

Marehemu Tep Bunnarith alitembea na kijiko chake mwenyewe. Hata kwenye karamu za marais alikitoa mfukoni mwa koti, akanywea supu, akakifuta kwa leso na kukirudisha. Mkewe alipolalamika alimjibu, "Mama Maline, hao wana vijiko vingi. Mimi ninacho hiki."

Alizaliwa tarehe 14 Machi 1937 mjini Kampong Cham, mtoto wa tatu wa karani wa forodha. Alisoma sheria Phnom Penh, kisha Paris, akaingia Wizara ya Mambo ya Nje mwaka 1964. Tarehe 6 Februari 1966 alimwoa Keo Sitha. Walijaliwa binti mmoja, Maline, ndiye anayesoma wasifu huu.

Desemba 1975, serikali mpya ya wanamapinduzi iliwaita nyumbani maafisa waliokuwa nje, waje kujenga nchi. Alirudi na familia yake, wakatolewa uwanja wa ndege moja kwa moja hadi kambi ya wafungwa. Huko alifanywa mwenyekiti wa wafungwa. Hadi mwisho alisema alikuwa mfungwa kama wengine, kazi yake kupanga zamu za shamba. Wapo waliotoka hai wanaosema majina ya waliochukuliwa yalipita mkononi mwake. Juni 1977 alichukuliwa rafiki yake Phirun, aliyekuwa msimamizi wake siku ya harusi. Hakurudi.

Serikali hiyo ilipoanguka mwaka 1979, marehemu alirejea wizarani, na kwa miaka tisa alikuwa Waziri. Aliwashtaki wahariri wawili walioandika habari za kambi, akashinda kesi zote mbili. Mahakama haikuuliza habari za Phirun.

Figo zilianza kumsumbua mwaka 2016. Mwezi uliopita, ilipojulikana hatapona, alifuata desturi yetu, akaomba msamaha kwa kila aliyefika kitandani. Mpishi wake, Bi Sokhom, alimwambia, "Mzee, matusi ya samaki nimesamehe. Ya supu nipe siku mbili kwanza." Alicheka mpaka akakohoa.

Kisha akaingia Bi Chhorvy, mjane wa Phirun.

"Karibu, shemeji. Maline, mletee chai."

"Sikuja kunywa chai, shemeji. Niambie tu: jina lake uliliandika wewe?"

Marehemu aligeukia ukutani. Bi Chhorvy alikuja siku tano mfululizo, na kila siku chai ilipoa mbele yake. Hakuombwa msamaha, wala hakuambiwa hapana.

Marehemu alifariki tarehe 9 Novemba 2018, saa nne asubuhi. Ameacha mjane, binti na wajukuu wawili. Tunamwombea utulivu.

Asubuhi hiyo alimshika binti yake mkono, akamwambia, "Ukiandika habari zangu, Phirun usimtaje."