Mama Kofia na Picha Iliyo Ukutani

Wapendwa mliokuja kutusindikiza, ndugu, majirani na waumini wenzetu, tunaomba mtuvumilie kidogo, kwa sababu historia hii imeandikwa na mume wa marehemu kwa mkono wake mwenyewe, naye ameketi pale mbele kwa kuwa leo miguu haimbebi, inasomwa na mdogo wa marehemu, na mwandishi ameagiza isirukwe sentensi hata moja, zikiwemo zile ambazo msomaji angependa kuziruka.

Marehemu, ambaye wengi wenu mlimwita Mama Kofia kwa ajili ya ile kofia pana aliyoivaa juani, alizaliwa Jumatano, tarehe 14 Mei 1958, akiwa mtoto wa pili kati ya watano, baba yake akiwa mpishi wa bweni la shule na mama yake fundi cherehani. Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1965 hadi 1971, sekondari kuanzia 1972 hadi 1975, kisha akajifunza upigaji chapa kwa mwaka mmoja, na tarehe 3 Januari 1978 aliajiriwa katika ofisi ya maji, akaanza kama mpiga chapa na kustaafu mwaka 2013 akiwa katibu muhtasi, na wenzake walioko hapa ni mashahidi kwamba katika miaka thelathini na mitano hakuwahi kupoteza jalada, ila mwavuli alipoteza kila msimu.

Mume wake, ambaye mnamfahamu kama Fundi Mstari, ni mwandishi wa mabango, na walikutana alipotumwa kuandika majina kwenye milango ya ofisi ile, akayaandika polepole kuliko ilivyohitajika, mpaka bosi akauliza kama mlango mmoja unaandikwa wiki nzima. Walifunga ndoa Jumamosi, tarehe 8 Agosti 1981, na Mungu akawajalia watoto watatu, wa kwanza mwaka 1983, wa pili 1986, na kitindamimba mwaka 1990.

Mwaka 1991 marehemu aliokota makopo ya rangi yaliyobaki kwenye kazi za mumewe, akakata maua ya waridi, akayaweka kwenye glasi juu ya meza ya jikoni na kuanza kuyachora, na mumewe ndiye aliyemfundisha kushika brashi, akimwambia avute mstari kwa pumzi moja na asiinue mkono kabla ya kufika mwisho wa ukingo. Alijifunza haraka, maua yake yakawa safi kama herufi, ungeweza kuhesabu petali zake zote, na majirani walizitundika picha zile sebuleni, kwa hiyo mume alijiona mwalimu mwema.

Mwaka 1998 alipeleka picha zake kwa mwalimu wa sanaa wa chuo cha ualimu, mama mmoja mkali wa maneno, naye akazitazama kwa muda mrefu, kisha akamwambia kwamba alikuwa anaandika jina la ua tu, ua lenyewe hajalichora bado. Marehemu alirudi nyumbani amenuna, wiki mbili hakugusa brashi, na mumewe alisema mbele ya watoto kwamba mwalimu yule ana wivu, lakini wiki ya tatu marehemu alinunua kofia, akabeba stuli na turubai ya kuchorea, akaenda kukaa kwenye bustani ya zahanati, mahali ambapo maua hayakatwi wala hayakai kwenye glasi.

Huko nje ndiko alikokua. Alijifunza kwamba saa moja asubuhi waridi jekundu lina rangi ya samawati upande wa kivulini, na kwamba saa tatu rangi hiyo imeshaondoka, kwa hiyo alirudi mahali palepale siku nyingi mfululizo, kwa muda wa saa mbili kila siku, akitoa wadudu waliokwama kwenye rangi kwa ncha ya sindano. Mlinzi wa zahanati alimuuliza kwa nini asipige picha kwa simu akaenda zake kupumzika, naye akamjibu kwamba simu inaelewa haraka, yeye ni mzito wa kuelewa, lazima aangalie siku saba. Mwaka 2016 picha zake sita zilitundikwa maktaba kuu kwa mwezi mzima, na mumewe alivaa suti kila alipokwenda kuziona, lakini njiani wakirudi aliwaza kwamba kingo za maua zinazidi kulegea mwaka hadi mwaka, akadhani ni macho ya mkewe au haraka, wala hakuuliza.

Tarehe 22 Juni 2023 marehemu alipatwa na kiharusi kilichomshika upande wa kulia, akalazwa siku kumi na tisa, akafanya mazoezi kwa miezi sita, na Januari alirejea kwenye stuli yake. Picha iliyo ukutani sebuleni, ambayo wengi mmeisifu tangu msiba ulipotokea, aliianza tarehe 4 Machi 2024, kando ya uzio wa zahanati, penye yale maua meupe ya shina refu yanayojiotea yenyewe, akaifanyia kazi asubuhi saba.

Jumatano, tarehe 13 Machi, marehemu alikwenda kliniki na binti yake, na mumewe akabaki peke yake na ile picha, akaona kila ua lina ukingo unaotetemeka, moyo ukamuuma kwamba watu watasema mkono wa Mama Kofia umekwisha, akachukua brashi namba mbili, na kwa upendo, ingawa upendo haumsafishi, akanyoosha kingo za ua moja baada ya jingine hadi adhuhuri.

Marehemu alirudi, akasimama mbele ya picha bila kuvua viatu, na hakugomba. Alisema, "Baba watoto, siku zote zile kulikuwa na upepo."

Mume alimwambia alidhani ni mkono. Akamjibu, "Mkono ulikuwa mzima."

Rangi ilikuwa bado mbichi, kitambaa na tapentaini vingeiondoa mchana uleule, na mume aliahidi kuiondoa, lakini kabla hajaanza walifika wageni kutoka kanisani, wakasimama mbele ya picha na kusema kwamba Mungu ametenda, Mama Kofia amepona kabisa, tazama mkono ulivyonyooka, na marehemu akawaambia asante, akamfichia aibu mumewe, naye mume, mbele za Mungu anakiri, alifurahia sifa zile, akaahirisha hadi kesho, na kesho ikawa wiki, rangi ikakauka. Marehemu aliziosha brashi zake kwa sabuni, akazifunga kwa uzi, na hakuzifungua tena. Jumatatu, tarehe 1 Aprili, kiharusi kilirudi, na Jumanne, tarehe 2 Aprili 2024, saa kumi na moja alfajiri, Mungu alimchukua.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia mara zote mbili, majirani waliolala nasi sakafuni, wafanyakazi wa ofisi ya maji waliokuja na basi zima, mlinzi wa zahanati, na yule mwalimu wa sanaa, ambaye mume wa marehemu anamwomba radhi leo kwa neno alilolisema mbele ya watoto.

Na kwenu nyote mlioisifu picha ile kwa unyoofu wake, mume wa marehemu anawaomba msiusifu tena, kwa sababu mlichokisifu ni mkono wake yeye mume. Chini kabisa upande wa kushoto, karibu na uzio, yamebaki maua matatu ambayo brashi yake haikuyafikia, kwa kuwa alisikia geti likifunguliwa, na hayo peke yake ni ya marehemu. Mtakaporudi nyumbani kwetu, tafadhali inameni muyatazame. Yanapeperuka.

Mama watoto, Mungu akupe pumziko lenye amani.