Mama Kifuniko na Chai ya Namba 14

Ijumaa ya tarehe 30 mwezi huu, saa kumi jioni, mchanganya rangi mkuu wa kiwanda chetu atavua koti lake la maabara, atalitundika kwenye msumari wa tatu kutoka mlangoni, na kustaafu. Atakuwa amekitumikia kiwanda miaka thelathini na moja na miezi minne. Katika muda huo alichelewa kazini mara mbili. Mara zote mbili ilikuwa mvua, na mara zote mbili alifika na tope kwenye kopo la maziwa ya mgando, akisema rangi yake inafaa kwa mageti.

Kwa kawaida tunamuaga mstaafu kwa keki na saa ya ukutani. Safari hii kulikuwa na jambo la kumaliza kwanza. Wiki tano kabla ya tarehe hiyo iligundulika kwamba Namba 14, rangi inayojaza kopo moja kati ya kila makopo matatu yanayotoka getini kwetu, haina kielelezo chochote isipokuwa chai anayokunywa mama huyu saa nne asubuhi. Mwenye chai akiondoka, Namba 14 inaondoka naye.

Alianzia idara ya ufungaji. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Yeye alipewa nyundo ya mpira siku ya kwanza. Kwa miaka minne aligongea vifuniko vya makopo, mia tisa kwa zamu, na huko ndiko lilikotoka jina la Mama Kifuniko. Wafanyakazi wapya wanadhani jina hilo linatokana na kifuniko cha chupa yake ya chai. Hawajakosea sana, ila wamechelewa miaka minne.

Maabara aliingia kwa sababu ya parachichi. Kiwanda kilikuwa kikitoa rangi ya kijani ambayo lebo yake ilisema ni ya parachichi. Mama Kifuniko alimwambia msimamizi wa wakati huo, mbele ya zamu nzima, kwamba lile si parachichi. Msimamizi akamuuliza yeye anajua nini. Kesho yake alikuja na parachichi, akalikata, akaliweka mezani karibu na kopo, akaendelea kugonga vifuniko. Baada ya saa tatu, parachichi likiwa limefifia mpaka kufanana na rangi ya kopo, alimwita msimamizi. "Hili lako ni la jana, bosi," alisema. "Watu wanataka la leo." Jumatatu iliyofuata alikuwa amevaa koti jeupe.

Njia yake ya kazi haikubadilika tangu hapo. Vitabu vya mitindo ya rangi alivyoletewa alivitumia kusawazishia mguu mfupi wa meza. Rangi alizitoa kwenye maisha ya kila siku, hasa yale ambayo watu wengine huyafuta kwa kitambaa. Namba 9, iliyopo kwenye kumbi nyingi za hospitali, ni ukingo wa kiini cha yai lililochemshwa kupita kiasi, pale panapoanza kugeuka kijani. Namba 17 ni maji ya pili ya kuoshea mchele. Namba 20 ni shati la shule la mwanawe wa kati, baada ya mwaka mzima wa kufuliwa. Namba 26 ni upande wa ndani wa ganda la kitunguu. Chakula kilichopambwa hakikumvutia. Alikiangalia kikishabaki.

Kukaa naye meza moja kantini kulihitaji moyo. Aliweza kukuomba usimamishe kijiko, akainamisha kichwa, akachunguza jinsi mafuta yalivyojitenga na mchuzi pembeni mwa sahani yako, kisha akakuruhusu uendelee. Mpishi wa kantini alifika maabara kulalamika ana kwa ana. "Mama, chakula changu ni cha kula, si cha kupimia." Akajibiwa kwamba kabichi lake la Jumatano ndilo lililoko kwenye kuta za benki tatu. Tangu siku hiyo mpishi hajabadili namna anavyopika kabichi, ingawa wafanyakazi wameomba mara kadhaa.

Mwaka wake wa kumi na tano, kiwanda kilimpeleka kwenye semina ya ubunifu, siku mbili, hotelini. Mwezeshaji aliwataka washiriki wafumbe macho na kuiwazia bahari. Mama Kifuniko alirudi na cheti, na kitambaa cha karatasi kilichomwagikiwa maji ya kiazi chekundu. Kitambaa kikawa Namba 22. Cheti kipo, nacho kinatumika kwenye mguu wa meza. Alipoulizwa amejifunza nini kuhusu mahali mawazo yanapotoka, alisema wanayatafuta mbali. Yeye ya kwake huyakuta kwenye sinki.

Namba 14 ilizaliwa mwaka wake wa sita kazini. Mwalimu mkuu wa shule moja ya bweni alikuja kutafuta rangi ya mabweni. Sampuli hakuwa nayo. Alikuwa na masharti: isionyeshe alama za mikono ya watoto, isiwatie usingizi, na isifanane na ya jela. Ilikuwa saa nne. Mama Kifuniko alikuwa ndiyo kwanza amemimina chai ya maziwa kwenye kifuniko cha chupa, ambacho kwa ndani ni cheupe. Alimwangalia mwalimu, akaiangalia chai, akamsogezea. Mwalimu alidhani anakaribishwa. Alipoeleweshwa, akasema hiyo hiyo.

Kwenye fomu ya bidhaa, mahali palipouliza kielelezo kinahifadhiwa wapi, Mama Kifuniko aliandika: "Ninacho." Meneja akatia sahihi. Tangu hapo, kila lilipochanganywa pipa la Namba 14, alimimina chai kwenye kifuniko, akachovya kijiti kwenye rangi, akaviweka sambamba dirishani, akaongeza unga mwekundu au mweupe mpaka vikakubaliana. Rangi mbichi na rangi kavu si kitu kimoja, lakini tofauti hiyo aliijua kichwani. Akimaliza, alikinywa kielelezo.

Utaratibu huo ulivunjika mara moja tu, alipolazwa wiki moja kwa homa. Msimamizi wa zamu, asitake kumsumbua mgonjwa, alifuata hatua zote kama alivyoziona, kuanzia kumimina mpaka dirishani. Hakukosea hata moja. Ila msimamizi huyo ana vidonda vya tumbo na hanywi maziwa. Lita mia sita zilitoka nyekundu kama tofali. Mwenye nyumba ya wageni aliyezinunua alipaka sebule nzima kabla ya kupiga simu, na alipopiga alikuwa anaagiza nyingine. Hiyo ndiyo Namba 31 ya leo. Msimamizi huitaja kila anapoomba kupandishwa cheo.

Mengine yalikwenda kimya kwa miaka ishirini na sita, mpaka mwezi uliopita, ilipokuja barua ya pongezi kutoka shule ileile ya bweni. Shule hupaka bweni moja kila mwaka. Mwalimu mkuu wa sasa aliambatanisha picha iliyopigwa kutoka getini: mabweni tisa kwenye mstari, la kwanza rangi ya udongo, la mwisho karibu na maziwa, na katikati yake ngazi iliyoshuka taratibu. Alitushukuru kwa ubunifu wa mpangilio. Makopo ya mabweni yote tisa yalikuwa yameandikwa Namba 14.

Meneja wa ubora, mtu mpole aliyekuja kwetu mwaka huu na mashine ya kusoma rangi, aliisoma barua hiyo mara mbili. Kisha akamwomba mtunza stoo atafute kadi za zamani. Kila Januari Mama Kifuniko hupaka kadi moja ya Namba 14 na kuandika tarehe nyuma. Zilikuwemo zote ishirini na sita, ndani ya kopo la biskuti. Zikapangwa kwenye meza za kantini, ikabidi ziunganishwe meza tatu.

Mwenyewe alizipitia kama mtu anayesoma bili ya maji. Tatu za mwanzo ni kali, kwa sababu watoto walikuwa wachanga na yeye alihitaji kukaa macho. Ya nne aliipita bila kusema kitu. Kuanzia ya tano ni nyeusi nyeusi kwa zaidi ya miaka kumi. Watoto watatu walikunywa maziwa kwanza, chai ikapata yaliyobaki. Halafu wa kwanza akaenda chuo, wa pili akaoa, wa tatu akapata kazi mbali, na kadi zikaanza kupauka. "Maziwa ya watu watano sasa tunakunywa wawili," alisema. Wateja hawakuwahi kulalamika. Mtu anaporudi kupaka ukuta wake baada ya miaka mitano, hulilaumu jua.

Meneja wa ubora alijaribu kwanza kuisomesha mashine chai yenyewe. Mashine ilitoa majibu manne tofauti kwa dakika kumi, kadiri chai ilivyopoa, na utando wa maziwa ulipotokea juu ikakataa kabisa. Ikabaki njia moja. Mashine inakubali kadi moja, na kadi hiyo ndiyo itakuwa Namba 14 siku zote. Mama Kifuniko aichague na kuitilia sahihi kabla ya tarehe 30. Kiwandani watu walikuwa na maoni. Mtunza stoo alisema ni ya kwanza, kwa kuwa ndiyo aliyoichagua mteja. Msimamizi wa zamu alisema ni ya mwisho, kwa kuwa ndiyo iliyopo sokoni.

Mama Kifuniko aliomba siku sita, akazichukua kadi zote nyumbani. Kwa mujibu wa maelezo yake, alizibandika kwenye ukuta wa sebuleni, tarehe zikiangalia ukutani, akazisahau makusudi. Alifagia, alikunja nguo, alipokea wageni, na kila alipopita alizitupia jicho. Asubuhi zilipendeza nyingi. Mchana zikapungua. Siku ya sita, jua likizama, ilibaki moja tu ambayo haikuwa imegeuka kitu kingine. Aliibandua, akaigeuza, akasoma tarehe. Ilikuwa ya nne.

Aliileta Jumatatu. Siku hiyo alikuwa ameongozana na mumewe, fundi magari mstaafu, aliyekuja kutia sahihi fomu za mafao za mwenzi. Fundi alipewa kiti maabara, karibu na dirisha. Meneja wa ubora, akijaza fomu yake, aliuliza ilikuwa chai ya namna gani.

"Mwaka huo nilikuwa nasoma kemia chuoni jioni," alisema Mama Kifuniko. "Asubuhi nilikuwa sina muda. Chai alikuwa anapika huyu."

Fundi alijiweka sawa kwenye kiti. "Kumbe nilikuwa najua kupika."

"Chai ilikuwa mbaya. Rangi ndiyo nzuri."

"Lakini mama watoto, ulikuwa unaniambia nzuri."

"Nilikuwa nakuambia nikiwa naiangalia."

"Mwaka mzima?"

"Mwaka mmoja na miezi miwili."

Meneja wa ubora aliuliza, kwa ajili ya faili, chai hiyo ilipikwa vipi. Fundi alieleza kwamba alikuwa akiweka majani, maji na maziwa vyote kwa pamoja kwenye sufuria, akawasha jiko, akaenda kunyoa ndevu. Akimaliza kunyoa, chai imeiva. Katika faili la Namba 14, sehemu ya muda wa kuchemsha, sasa imeandikwa: "Kunyoa ndevu." Meneja ametia sahihi.

Pipa la kwanza lililochanganywa kwa mashine lilitoka Alhamisi iliyopita. Mama Kifuniko alilikagua dirishani. Mkono wake ulikwenda kwenye chupa ya chai, ukafika, ukarudi. Alichovya kijiti, akakiweka karibu na kadi ya nne, akasubiri kikauke. Kilipokauka alisema, "Sawa," neno ambalo waliofanya naye kazi wanajua hulitoa mara chache. Halafu alikwenda kantini kunywa chai kwa kikombe, kama watu wengine.

Shule ya bweni imejulishwa kwamba bweni la kumi litatofautiana na la tisa. Mwalimu mkuu amejibu kwamba anatuamini.

Atakayeshika nafasi yake ni dada aliyekuwa idara ya lebo, ambaye Mama Kifuniko amekuwa akimfundisha tangu mwaka juzi. Wiki hii alionekana kantini akiligeuza ganda la ndizi kwa uma na kulisogeza kwenye mwanga. Mpishi ameshaarifiwa.

Kifuniko cheupe kitabaki maabara, kwenye rafu, karibu na kadi. Chupa itakwenda nyumbani na mwenyewe. Fundi ametangaza kwamba kuanzia tarehe mosi chai ya asubuhi atapika yeye. Hajasema kama amebadili njia.

Mama Kifuniko, kiwanda kinakushukuru kwa rangi ishirini na tatu ulizotupa, na kwa ile moja tuliyoipata ukiwa umelazwa. Wapo watu wengi waliozaliwa, waliosoma na waliopanga foleni mbele ya kuta zako bila kujua kwamba wanaangalia vyombo vyako vya jana. Tunakutakia afya, asubuhi zisizo na king'ora, na chai unayoweza kuinywa bila kuiangalia. Ikiwa mbaya, sasa unaruhusiwa kusema.