Maji ya Lefse za Aslaug

Marehemu Aslaug Skarveland alizaliwa tarehe 14 Machi 1941 katika shamba la Instabø, Hardanger, akiwa mtoto wa tatu wa Torleiv na Marta.

Alisoma miaka saba katika shule ya kijijini, kisha msimu mmoja wa baridi katika chuo cha maarifa ya nyumbani. Katika somo la uokaji alipata alama ya wastani. Cheti chenye alama hiyo alikitundika ghalani, juu ya pipa la unga, na hakukiondoa kamwe.

Tarehe 22 Juni 1963 alifunga ndoa na Sjur, mkulima wa matofaa. Walijaliwa watoto wawili, Torbjørg na Endre.

Kila vuli alipanga matofaa kwenye makasha ya ushirika. Kila Novemba, kwa miaka arobaini na sita, alioka lefse na wifi yake Ragna. Aslaug akisukuma, Ragna akigeuza juu ya bamba la chuma. Mikate hiyo myembamba ilikaushwa ikawekwa ghalani. Siku ya kuliwa ilinyunyiziwa maji na kulazwa kati ya vitambaa mpaka ilainike. Kazi hiyo ya maji hakumwachia mtu.

“Hata mimi, wifi?” Ragna aliwahi kumuuliza.

“Wewe geuza. Na hiyo uliyoiunguza, uile mwenyewe.”

Mikate iliyolainika Aslaug aliipaka siagi, sukari na mdalasini, akaikunja. Endre alipenda yake na jibini ya kahawia. Mama yake alimwambia hayo ni maringo ya watu wa mjini, lakini alimkatia.

Mara moja tu, Sjur alipozikwa, mwaka 2009, Torbjørg ndiye aliyenyunyiza. Maji yalizidi, mikate ikashikamana, ikawa kama uji. Aslaug aliinua kitambaa mbele ya wageni, akasema, “Leteni vijiko.” Watu walicheka. Torbjørg hakucheka, na tangu siku hiyo hakugusa tena lile bakuli la maji.

Agosti 2023 Aslaug aligundulika kuwa na saratani ya kongosho. Oktoba alioka siku mbili mfululizo, akiwa ameketi. Zilitoka lefse mia moja na kumi.

“Mama, zote hizi za nani?” Endre aliuliza.

“Za wageni wangu. Torbjørg atazilowesha.”

“Mimi? Mama, maji kiasi gani?” Torbjørg aliuliza.

“Ya kutosha.”

“Ya kutosha ndiyo kiasi gani?”

“Utaona mwenyewe, mwanangu. Mimi sitakuwepo kukuchungulia.”

Alifariki nyumbani tarehe 9 Februari 2024, saa nne na dakika kumi asubuhi, akiwa na miaka themanini na miwili. Torbjørg alikuwa akikunja taulo kando ya kitanda. Alimaliza kuikunja, akachukua nyingine.

Leo asubuhi, saa mbili, Torbjørg alinyunyiza lefse zote mia moja na kumi katika ukumbi ulio nyuma ya kanisa hili. Hakuna nyingine ghalani. Alizifunika, akaja kuketi hapa mbele. Hajainua kitambaa.

Marehemu ameacha watoto wawili, wajukuu watano na wifi yake Ragna, ambaye ameomba ipatikane siagi ya chumvi.

Baada ya maziko, nyote mnakaribishwa ukumbini. Torbjørg atatangulia, afunue. Vijiko vipo, ila havijapangwa mezani.

Lala, Aslaug. Wageni wako wamefika.