Tsonka Mineva na Mikono Yake Wazi

Marehemu Tsonka Radeva Mineva alizaliwa tarehe 3 Machi 1949 katika kijiji cha Bozhentsi, milimani karibu na mji wa Gabrovo, akiwa mtoto wa pili wa fundi mawe Radi na mkewe Yova. Aliyeandika wasifu huu, na anayeusoma, ni Iskra, binti yake wa pekee.

Alisoma kijijini hadi darasa la nane, kisha akajifunza ushonaji Gabrovo, kuanzia 1963 hadi 1966. Huko aliwahi kufukuzwa darasani kwa kushonea sketi ya sare mifuko minne. “Mmoja wa kalamu, mwalimu,” alijitetea, “na mitatu ya zabibu.”

Mwaka 1966 aliajiriwa katika kiwanda cha vitambaa vya sufu, chumba cha pasi. Tarehe 14 Oktoba 1971 bomba la mvuke lilipasuka, likambabua mkono wa kushoto kuanzia vidoleni hadi shingoni. Kwa karibu miaka miwili alivaa mikono mirefu, jua liwake lisiwake. Kisha asubuhi moja ya Julai 1973 alitokea sokoni amevaa gauni la manjano lisilo na mikono. Penka, mwenzake wa kiwandani, alimvuta kando.

“Shoga, hebu funika huo mkono. Unatisha watoto.”

“Watoto wameshauona, na aiskrimu zao wanalamba kama kawaida. Wewe ndiye umeshindwa kumeza.”

Baadaye alikiri kwamba magoti yalimtetemeka njia nzima. Kesho yake yalitetemeka kidogo. Wiki iliyofuata akasahau kuwa ana magoti.

Tarehe 21 Septemba 1975 alifunga ndoa na Mincho Minev, dereva wa basi, aliyefariki mwaka 2015. Mzee Mincho hakuchoka kusimulia: “Niliuona mkono kwanza, ukinipa nauli. Nikajiambia, asiyeuficha huu hatanificha lolote.” Mwaka 1979 walijaliwa Iskra, ambaye utotoni alilala juu ya mkono huohuo na hakuwahi kuuona kuwa kovu.

Mjomba Gencho aliomba yanayofuata yasisomwe. “Ya nyumbani yabaki nyumbani, mwanangu,” alisema. Iskra amemwomba radhi, na anayasoma.

Tarehe 12 Agosti 2006 Iskra aliolewa na Boyan katika mji wa Plovdiv, katika familia ya watu waliosoma. Mama yake alikuwa ameshona gauni la kijani kwa miezi mitatu, mabega wazi. Asubuhi ya harusi Iskra alimletea koti la kijivu.

“Mama, nakuomba. Watu wa kina Boyan hawajakuzoea.”

“Ni Agosti, mwanangu.”

“Siku moja tu.”

Mama alilivaa na kulifunga hadi kifungo cha shingoni. Akacheza nalo horo, ngoma ya kushikana mikono kwa duara, jasho likimchuruzika, akitabasamu kila alipopita mbele ya bibi harusi.

Haikuwa siku moja. Tangu hapo kila alipokuja Plovdiv, au Iskra na familia yake walipomtembelea Gabrovo, alivaa mikono mirefu bila kuambiwa. Majirani wa Gabrovo waliendelea kumwona alivyo. Kwa bintiye alikuja amejifunika. Iskra aliona, akanyamaza, kwa kuwa ukimya ulimfaa. Kila mwaka, Jumapili ya kusameheana kabla ya Kwaresima, Iskra alipiga simu: “Nisamehe, mama.” Naye alijibu, “Mungu akusamehe.” Hakuna aliyetaja kosa.

Novemba 2023 Tsonka aligundulika kuwa na saratani ya kongosho. Januari, hospitalini, mjukuu wake Kalina, mwenye miaka kumi na mitatu, aliuona mkono ule kwa mara ya kwanza. “Bibi, uliuma?” Tsonka hakumjibu mtoto. Alimgeukia Iskra kwanza, kama mtu anayeomba ruhusa. Kutazamwa kule Iskra hatakusahau.

Jumapili ya tarehe 17 Machi 2024 Iskra hakupiga simu. Alikuja Gabrovo pamoja na Kalina, akapiga magoti kando ya kitanda.

“Nisamehe, mama.”

“Kwa lipi?”

Ilikuwa mara ya kwanza kumwuliza.

“Kwa lile koti. Nilikuonea haya.”

“Nilishakusamehe siku ileile. Lakini sitakudanganya: mvuke uliuma miezi sita. Lile bado linauma.” Kisha akampapasa kichwa. “Haya, inuka. Mkate wa jibini unapoa, na Kalina hajala.”

Alifariki nyumbani kwake Jumanne, tarehe 9 Aprili 2024, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka sabini na mitano.

Ameacha binti, Iskra, ambaye hana utetezi; mkwe, Boyan; mjukuu, Kalina; na kaka, Gencho. Tunamwomba Mungu ampokee kama alivyo, asimtake abadili kitu. Alale kwa amani.