Vitabu vya Kusoma Kabla ya Kupanda Jukwaani

Sogeeni, wanangu. Wewe kifunguamimba kaa hapa kitandani upande wa kichwa, na wewe kitindamimba funga mlango, maana maneno haya si ya jirani. Nyumba na ukumbi ni vyenu wote wawili, msije mkagombania viti kama fisi. Lakini rafu ya vitabu nataka kuigawa kwa kinywa changu, kwa kuwa Ijumaa mnapanda jukwaani, na mnaniambia kuna mzee mpole wa koti la kijivu amekata tiketi ya kiti cha mbele.

Namjua. Mjomba wenu Kijiko, ndugu yangu wa tumbo moja, aliweza kuchekesha hata waliofiwa, ila alisoma kitabu kimoja tu, kile chekundu, kinachofundisha kwamba katika maigizo ya papo kwa papo unalopewa ulipokee, ukilikataa mchezo umekufa. Siku ile tuliwaomba watazamaji watupe kisa, kama ada yetu, na bwana huyo wa koti la kijivu, wakati huo kijana bado, akasema kwa upole kabisa, "Tuonyesheni mkubwa wetu anavyokufa." Watu wakainamisha vichwa, maana mkubwa huyo ndiye aliyetawala nchi. Nikamfinya Kijiko mkono; yeye akajibu, "Tumepokea!" akalala chali, akaanza kuamuru hata mauti yapange foleni. Watu walicheka mpaka machozi. Bwana yule hakucheka. Alipiga makofi taratibu, akamngoja mlangoni, akamshika bega kama rafiki, wakaondoka pamoja. Kijiko hakurudi; mama yetu aliendelea kumwekea chakula mpaka mama mwenyewe alipoingia kaburini. Akufukuzaye hakwambii toka, wanangu, na akuitaye shimoni hakwambii ni shimo.

Basi anzeni na kile kinene kilichochanika mgongo, kinachofundisha kusikiliza, ili mmsikie anayesema kabla ya kusikia anachosema. Kisha zile hadithi za wanyama, mwone sungura anavyomcheka simba pasipo kumtaja. Kisha kile cha picha cha mchekeshaji asiyesema, mkifanyie mazoezi mbele ya kioo mpaka mabega yenu yajue kuchekesha, maana ulimi hushtakiwa, bega halishtakiwi. Hivyo vikishawakaa kichwani, ndipo mfungue chekundu. Ni kizuri, lakini kiwe cha mwisho.

Mtasema Ijumaa ni karibu, hamtavimaliza. Najua. Nipeni maji... Msiahirishe, mkijificha atajua pa kuwatafuta. Washeni taa zote, hata za nyuma. Akiwapa kisa, msikikatae wala msikipokee. Shukeni wote wawili, mmoja kila upande, mseme, "Karibu jukwaani, mzee wetu, tuonyeshe wewe kwanza," na watu wote wamtazame. Na mkimaliza asitoke mmoja wenu peke yake, hata kama ameitwa kwa jina la nyumbani.

Pumzi inakata... Mungu awape masikio mapana na ndimi nzito. Awaepushe na wanaowapenda kwa ghafla. Pendaneni... mikono yenu iko wapi? Haya, chekeni kidogo, niwasikie...

Wanangu, mbona hamcheki?