Wimbo wa Kujazia Kanda

Basi lilipotoka Singida kwenda Ikungi, Hajira alikuwa na kanda mkobani. Alipewa na Abdulmajidi, mrekodi kanda wa sokoni, aliyemwambia kwamba wimbo wa mwisho amemtafutia yeye peke yake.

Kiti cha mbele, mzee mmoja alikuwa akimlalamikia binti aliyeketi naye. "Yule mrekodi wa sokoni nilimwagiza kwaya tupu. Kanda ikabaki na nafasi mwishoni, akanijazia rumba ya tarumbeta!"

"Asingetujazia, mzee wangu, nyimbo mpya tungezijulia wapi?"

"Ningezitafuta mwenyewe. Wewe alikujazia nini?"

Binti akacheka. "Hiyo hiyo ya tarumbeta."

"Umeona? Mji mzima anatuchagulia yeye cha kusikiliza."

"Lakini si umeipenda?"

Mzee akageukia dirishani, kana kwamba mashamba ya mtama yalikuwa na jambo jipya. "Nimeshaishika yote," akasema, "lakini sikuiomba."

"Ikungi, wa kushuka!" konda akaita.

Hajira akashuka bila kuwatazama. Jana alikuwa ameirudisha kanda nyuma mara sita, aisikie tena tarumbeta ile.